Tafsiri ya Mwalimu Romwaldi

Kitasa cha sanduku la bati kililia ta, kikanyamaza, kikalia tena ta. Jogoo walikuwa hawajawika, na baridi ya Juni ilikuwa imekaa juu ya mtaa wa Lizaboni kama mgeni asiyejua kuaga. Theodosia, aliyekuwa amejikunja ndani ya mablanketi mawili pamoja na mjukuu wake Oliva, akafungua jicho moja. Mtu akifunga sanduku mara moja, alikuwa anatafuta nguo. Akilifunga mara mbili, anahama.

Chumba cha pili walilala mwanawe Beda na mkewe Ida, kama unaweza kuita kulala kule kupeana migongo ambako sasa kulikuwa kumetimiza wiki tatu. Mchana walizungumza kwa kupitia kwake. "Mama, mwambie baba Oliva maji ya kuoga yako tayari." "Mama, mwambie nimesikia." Theodosia alikuwa na miaka sitini na nane, na hakuwahi kufikiri kwamba uzeeni angegeuzwa kuwa simu.

Alimfuata mkwewe jikoni, akamkuta anapuliza moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefunga sanduku."

"Panya wameanza kutafuna kanga zangu."

"Panya wa siku hizi wanakula na vyeti vya ubatizo? Maana jana nimekuona unakichukua cha Oliva."

Ida hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akaushika mwiko usio na kazi. "Kesho, mama. Basi la asubuhi. Naenda Namtumbo kwa wazazi wangu, na Oliva naenda naye. Wewe sina ugomvi nawe. Lakini siwezi kulala na mwanaume anayerudi ananuka mafuta na vitunguu vya jiko la mwanamke mwingine. Nampakulia, anasema ameshiba. Ofisi gani ya ushirika inakaangia makarani?"

Hapo ndipo ulimi ulipomwasha Theodosia, akaung'ata. Kwa sababu yeye alijua ni ofisi gani.

Miezi mitatu nyuma Beda alimfuata bustanini, akajifanya anang'oa majani, akang'oa na mboga. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, wanachukua tumbaku kwa mkulima moja kwa moja, na ushirika ukapunguza makarani. Yeye alikuwa wa kwanza kupunguzwa. Sasa alikuwa anakaanga chipsi stendi, kwenye meza ya mbao, amevaa aproni. Tarishi wake wa zamani alikuwa amekuja kununua, akamwambia, "Karani, ongeza chumvi." Beda aliyasimulia hayo akitazama chini. "Mama, usimwambie Ida."

Wiki mbili baadaye Ida naye alikaa na Theodosia kupukuchua mahindi, akamwambia kwamba haendi kushona vitambaa vya altare kama anavyoaga. Alikuwa anakwenda Msamala sokoni, anatandaza mitumba. Suruali za wanaume ndizo zinazotoka, na mteja wa suruali lazima apimwe kiuno. "Mama, usimwambie Beda. Alishasema mke wa karani hawezi kutandaza nguo chini kama mhamaji." Na kinyozi wa mtaani alikuwa amemwona huko, amemshika mwanaume kiunoni, na habari ikamfikia Beda ikiwa imevuliwa suruali zote, imebaki kiuno.

Theodosia alidhani siri mbili ni kama ndoo mbili za mzega begani, moja inaisawazisha nyingine. Kila siku aliona sukari imeingia nyumbani kutoka mkono huu, mafuta ya taa kutoka mkono ule, akamshukuru Mungu kwa watoto wanaodanganyana ili nyumba moja ile. Hakujua kwamba mzega nao hukatika.

Ungesema, si aseme tu? Lakini Theodosia alizaliwa Mpitimbi, na huko alifundishwa kwamba neno la siri la mke au la mume halipiti kwenye mdomo wa mama mkwe. Likipita hapo, hata likiwa la kweli, linafika likiwa na harufu yake. Neno kama hilo hupitia kwa mshenga. Padri naye angesema tusali, na Ida alikuwa amesali mpaka magoti yakawa magumu kama ya ng'ombe, na sanduku bado lilikuwa linafungwa.

Kwa hiyo baada ya misa ya kwanza hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Romwaldi.

*

Mwalimu Romwaldi ndiye aliyepeleka barua ya posa ya Beda, miaka saba iliyopita, na ndiye aliyepigwa faini ya kuku na wazee wa Namtumbo kwa kuingia na kofia kichwani. Alikuwa mjane, mstaafu, na tangu Mussa muuza duka anunue televisheni na kufunga dishi, alikuwa amepata kazi mpya isiyo na mshahara. Alitafsiri. Jumapili saa kumi, Lizaboni nzima ilikaa kibarazani kwa Mussa, na mwalimu alikaa pembeni ya kioo na fimbo yake, akiwaambia watu wazungu wamesema nini. Theodosia alimkuta anajiandaa na kamusi iliyoliwa na mchwa kuanzia herufi ya P.

"Leo inaanza mpya," alisema mwalimu baada ya salamu. "Sehemu ya kwanza. Mume na mke, wote majasusi, na kila mmoja hajui kama mwenzake ni jasusi."

"Hiyo ninayo nyumbani," alisema Theodosia, akakaa.

Akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo walimu wachache huliweza.

"La Beda nalijua siku nyingi," alisema mwishowe.

"Umejuaje?"

"Nina macho, mama Beda. La Ida ndilo geni kwangu." Akacheka kidogo. "Kwa hiyo mmoja anakaanga, mwingine anatandaza, na wote wanazini kwenye vichwa vya wenzao."

"Kesho anapanda basi. Wewe ni mshenga wao. Waite, uwaambie."

"Nikiwaita watakuja wamevaa ugomvi wao. Beda atakana, Ida atalia, mimi nitakunywa chai peke yangu." Aliifunga kamusi. "Leo wanakuja kwa Mussa?"

"Watakuja. Kila mmoja atakuja kuonyesha kwamba hajali."

"Basi niachie mimi."

Theodosia alirudi nyumbani bila kuelewa alichoachiwa. Alimjua mwalimu tangu ujana. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wakiachiwa mambo, huna budi kuwaombea.

*

Saa kumi kamili Mussa alisema bismillahi, akabonyeza kitufe. Wanaume walikuwa kwenye benchi, wanawake kwenye mikeka, na Mussa alikuwa amepanga soda na karanga mahali ambapo huwezi kuona sinema bila kuziona. Ida alikaa mkekani kando ya mama mkwe, akatafuna karanga kama mtu anayemtafuna mtu. Beda alikaa mwisho wa benchi, shati jeupe, tai shingoni, siku ya Jumapili.

Kwenye kioo mzee wa kizungu mwenye kofia alikuwa ofisini, anamkabidhi kijana mkoba.

"Huyo mzee ni nani?" aliuliza Mariana, jirani ambaye hawezi kumwona mtu bila kumtafutia ukoo.

"Mkubwa wake wa kazi," alijibu mwalimu.

"Mkubwa wa kazi gani. Huyo ni mshenga. Huoni mkoba? Ni mahari."

"Mshenga yuko peke yake?" aliuliza mtu kwenye benchi. "Hana hata wa kumsindikiza?"

"Ndiyo maana ndoa zao hazidumu," alisema Mariana, na jambo likawa limeamuliwa. Tangu hapo kila mzee wa kofia alipotokea, kibaraza kizima kilisema, "Mshenga huyo."

Sinema ikaenda. Mume na mke walikuwa na duka la maua. Asubuhi walibusiana, wanaume wakatazama miguu yao. Mume akaingia stoo, akaanza kuongea na chungu cha maua.

"Ndani ya chungu kuna redio," alieleza mwalimu.

Mke naye alisoma kikaratasi, akakiweka mdomoni, akakitafuna.

"Anakula karatasi? Na jiko kubwa namna ile?"

"Ni siri, Mariana. Akimaliza kuisoma anaila."

"Mimi yangu ningeipikia."

Watu wakacheka, hata Beda akacheka, na Ida alipomsikia akaacha kucheka. Wazungu wakaanza kusema haraka. "Mussa, punguza sauti," alisema mwalimu, "inanichanganya." Mussa akapunguza mpaka ikabaki midomo tu. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa mwalimu kila Kiingereza kilipomzidi, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hadithi ilikuwa tamu zaidi bila ya wenyewe kuiingilia.

Kwenye kioo yule mume aliingia hotelini kwa mlango wa nyuma, akavua koti, akavaa aproni. Akasimama jikoni kati ya masufuria.

Mwalimu alikohoa. "Anasema hivi. Mimi nilikuwa karani. Wakaja wanunuzi wapya, nikapunguzwa. Sasa nakaanga chipsi, na mke wangu hajui. Natoka nyumbani na tai, nafika hapa navaa hii."

Jane, binti wa Mariana aliyekuwa kidato cha tatu, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mwalimu, mimi nimemsoma midomo. Amesema supu iko tayari."

"Jane, jasusi akisema supu iko tayari, unadhani ana maana ya supu?"

Jane akashusha mkono. Theodosia alihisi jasho chini ya kitenge, na baridi ile. Sasa alielewa alichomwachia mwalimu. Pembeni yake karanga zilikuwa zimeacha kutafunwa.

"Jasusi wa chipsi," alisema mtu wa benchi. "Serikali yao nayo imefilisika." Wote wakacheka isipokuwa mtu wa mwisho wa benchi, aliyekuwa amelegeza tai kwa kidole.

Picha ikahamia kwa mke. Alikuwa kwenye duka la nguo, amejifanya muuzaji, anampima bwana mmoja suti ili amtumbukizie kikaratasi mfukoni.

"Huyu mama naye," alisema mwalimu polepole, bila kumtazama mtu, "anauza nguo. Mitumba."

"Mitumba huko Ulaya?"

"Kwani unadhani inatoka wapi?" Mwalimu aliiweka fimbo yake kwenye kiuno cha yule bwana. "Anampima mteja. Anasema moyoni, kiuno hiki si changu wala sikitaki, lakini unga wa kesho ni wangu. Mume wangu alinikataza. Anadhani niko kanisani nashona vitambaa."

Ida aliyatoa makapi ya karanga mkononi moja moja, akayaweka juu ya mkeka, akayapanga. Beda alikuwa amemgeukia mwalimu kwa mwili mzima. Theodosia hakumtazama yeyote. Alitazama vidole vya miguu yake na kuwaza kwamba mwalimu huyu, akitoka hai leo, atampikia kuku badala ya yule wa faini.

Mume akarudi nyumbani, mke akarudi nyumbani. Mume akaketi mezani na kisu cha siagi. Mke akasimama nyuma ya mlango, bastola mkononi. Akausukuma mlango, na umeme ukakatika.

Kibaraza kilinguruma. Mgao ulikuwa wa Jumanne, kila mtu alijua ni wa Jumanne, sasa wamekuja Jumapili kufanya nini. Mussa akabonyeza kitufe mara nne, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Mwalimu," wakasema, "malizia wewe. Anampiga?"

"Bado wanatazamana," alisema mwalimu.

Ndipo Ida aliposema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mwalimu. Huyo bwana. Kwa nini hakumwambia mkewe?"

Mwalimu alifungua kinywa. Alikuwa na jibu, Theodosia aliliona likiwa limekaa tayari kwenye ulimi, jibu zuri, la kufundishia. Akakifunga kinywa, akakaa kimya akitazama kioo kilichozimika. Huo ulikuwa wema mkubwa kuliko tafsiri yote, na Theodosia aliuweka moyoni: mwalimu alinyamaza ili swali limfikie mwenyewe.

"Aliona haya," alisema Beda kutoka mwisho wa benchi.

"Wewe umejuaje?" aliuliza Jane. "Umeshaiona?"

"Aliona haya. Siku ya harusi yake walimtangaza kwa kipaza sauti, karani, karani, mpaka shemeji zake wakapiga makofi. Sasa arudi aseme nini? Kwamba anakaanga viazi, na tarishi wake anamwambia aongeze chumvi?" Akaivuta tai, ikatoka. "Na huyo mama je? Mbona naye hakusema?"

"Alikatazwa," alisema Ida. "Na mtoto hali makatazo."

Sasa hakuna aliyecheka. Kuna watu kwenye benchi waliokuwa wamekula chipsi stendi, na mmoja alianza kufungua kinywa, yule kinyozi, na Theodosia akaona aibu inakuja kwa miguu yote minne kuikalia nyumba yake. Hapo akasimama Mariana, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwogopa kwa mdomo.

"Mimi tangu mwanzo nilisema makosa ni ya mshenga," alitangaza, akikunja mkeka huku watu bado wamekaa juu yake. "Jane, inuka. Wote inukeni, umeme hauji, mnakaa mnatazama kabati la Mussa. Kinyozi, wewe unadaiwa kichwa cha mume wangu, ulikiacha nusu, twende ukakimalize." Akawaswaga kama mbuzi, akamshika kinyozi mkono, wala hakugeuka nyuma hata mara moja.

*

Nyumbani Beda alisimama uani na shati mkononi. Ida akalichukua, akalinusa kwa utulivu kama mtu anayekagua samaki.

"Mafuta haya unayarudia mara ngapi?"

"Siku tatu."

"Siku tatu. Utaua watu." Akalitia shati kwenye beseni. "Na vitunguu vya nini kwenye chipsi?"

"Kachumbari."

"Hm." Akalimiminia shati maji. "Wiki tatu nimemtukana mwanamke ambaye ni karai."

"Na mimi nimempiga ngumi mwanaume ambaye ni suruali," alisema Beda. "Usingizini, lakini nimempiga."

Ida alicheka, kisha akalia, kisha akamgeukia mama mkwe wake aliyekuwa ameketi kizingitini, akijifanya anachambua mchele ambao ulishachambuliwa.

"Mama. Mwalimu ameyapata wapi?"

"Kwangu."

"Ya nani?"

"Yote."

"Yote mawili?" alisema Beda. "Ulijua ya kwangu, na ya kwake, na ukatuacha wiki tatu?"

"Mliniapisha. Wewe bustanini, huyu kwenye mahindi."

Wakatazamana, mume na mke, na kwa mara ya kwanza baada ya siku ishirini na moja wakakubaliana jambo: kwamba kosa ni la mama. Walimsema mpaka maji ya ugali yakachemka. Ida alisema mtu mzima ana njia zake za kudokeza. Beda alisema hata kikohozi kingetosha. Theodosia alizipokea lawama kama anavyopokea kuni, kwa kichwa, shingo imenyooka, kwa maana aliona kwamba wanasema kwa zamu, mmoja anamalizia sentensi ya mwenzake, na hakuna aliyesema "mama, mwambie".

Tarishi angejua, kinyozi angejua, na shemeji za Namtumbo wangefika siku moja kucheka. Hayo hayakuondoka. Beda bado alisema kiuno kipimwe kwa kamba, si kwa mkono, na Ida akasema atapima kwa anavyoona yeye. Walilala wakibishana, na Theodosia alilala akiwasikiliza kwa raha mpaka akapitiwa.

Asubuhi honi ya basi la Namtumbo ilisikika kutoka barabarani. Ida alikuwa amekaa uani na ndoo ya viazi, Oliva kando yake. "Mwambie baba yako," alianza, akajishika. "Baba Oliva. Viazi hivi unavimenya au unavichonga? Nusu ya mtaji iko kwenye maganda."

*

Alasiri Beda alisema nguo zake za kazi ziko kwa mwalimu. Kwa mwalimu kufanya nini? Akaeleza huku akikwepa macho: miezi mitatu, kila asubuhi, alipita kwa mwalimu Romwaldi akavua shati na tai, akavaa za stendi, na jioni akabadilisha tena, ila harufu hakuweza kuivua. Kumbe macho ya mwalimu hayakuwa na haja ya kwenda stendi.

Ida na Theodosia walikwenda pamoja, na kuku aliyepikwa kwenye bakuli lililofunikwa. Walimkuta mwalimu ameshazikunja. Suruali ilikuwa imepigwa pasi, aproni imefuliwa ikawa nyeupe kuliko ilivyonunuliwa, na tundu la mfukoni limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kwa mkono wa mwanaume asiyeona vizuri.

"Ulikuwa unamfulia?" aliuliza Ida.

"Ningemwachaje aende na mafuta? Ni mtoto wangu wa posa." Akawakabidhi furushi kwa mikono miwili. Alimshukuru Ida kwa kuku, akaliweka bakuli mezani, akalisogeza, akalirudisha. "Kwa hiyo kesho hapiti."

"Atavalia nyumbani, mwalimu."

"Ndiyo. Ni vizuri. Ndivyo inavyotakiwa."

Theodosia aliona kwamba nyumba ile ilikuwa na viti viwili vilivyosogezwa karibu na jiko, na kimoja kilikuwa na mto. Alimwona rafiki yake wa ujana akitafuta neno, yeye aliyekuwa na maneno ya wazungu wote wa Ulaya.

Waliaga. Walipofika kwenye majani ya nje mwalimu akatoka mlangoni, bila kofia.

"Mama Beda. Ida. Asubuhi huwa napika chai ya watu wawili, mkono umeshazoea, na siwezi kuufundisha tena." Alijikuna shingo. "Mwambieni apite, hata akiwa amevaa tayari. Na nyinyi mje tena. Msingoje mpaka mgombane."